Ubao wa lenzi wa kamera kubwa ya zamani: ninavyoutengeneza na ninavyouuza bila mzigo kurudi



Wiki iliyopita niliposti picha ya kibao cheusi chenye tundu la duara katikati, nikaandika tu "oda imekamilika". Inboksi ikajaa. Mmoja kadhani ni uso wa spika, mwingine kauliza kama ni cha kuwekea bomba la sinki. Nikaahidi nitaeleza, na leo naeleza. Andiko ni refu, kama uko kwenye daladala lihifadhi ulisome ukitulia.

Mimi nina fremu hapa Sakina, barabara ya Namanga, na ndani ya hiyo fremu natengeneza fremu. Za picha. Kiswahili chetu hiki wakati mwingine kinachekesha. Nimeishia kidato cha nne, ufundi nimejifunza kwa kuangalia mafundi na video, na wateja wangu wengi nawapata mtandaoni kuliko wapita njia. Kile kibao mlichokiona kinaitwa ubao wa lenzi, ni cha kamera kubwa za zamani. Ni kazi ya pembeni: mwezi mmoja naletewa oda mbili tatu, mwezi mwingine kimya kabisa. Kwa hiyo sikushawishi uache mitumba yako ukimbilie huku. Naileta hapa kwa sababu kila anayeuza kitu cha KUFITI, iwe pazia, kava la siti ya gari, kioo cha dirisha au pete, anamuuzia mtu asiyemwona, kwa vipimo ambavyo hakuvichukua yeye mwenyewe. Hapo ndipo mizigo mingi inaporudi.

Kwanza hiyo kamera ni mdudu gani. Sahau simu kidogo. Fikiria sanduku la mbao au chuma juu ya stendi ya miguu mitatu. Mbele kuna lenzi, nyuma kuna kioo chenye ukungu, katikati kuna mvukuto wa ngozi au kitambaa unaokunjuka na kukunjika kama kodiani. Mpiga picha anajifunika kitambaa cheusi kichwani, anatazama kwenye kile kioo na kumwona mtu akiwa kichwa chini miguu juu, anasogeza mbele na nyuma mpaka picha itulie, halafu anachomeka filamu. Filamu yenyewe siyo ya kuzungusha kwenye kidude. Ni shiti moja kwa picha moja. Saizi iliyozoeleka ni inchi 4 kwa 5, kama milimita 102 kwa 127. Ukikosea, umeunguza shiti nzima.

Lenzi za kamera hizi hazifungwi moja kwa moja kwenye kamera. Kila lenzi inakaa kwenye kibao chake, na kibao kinachomekwa mbele ya kamera na kubanwa kwa kilimi. Unataka kubadilisha lenzi, unatoa kibao kizima unaweka kingine. Shida ni kwamba kila kiwanda kilikuwa na saizi yake. Sinar ni milimita 140 kwa 140. Toyo ndogo ya safari ni 110 kwa 110. Linhof Technika ni 96 kwa 99, yaani hata mraba siyo. Vibao vinapotea, lenzi zinauzwa peke yake, na mtu anajikuta ana kamera nzima na lenzi nzima lakini haviingiliani. Ni sawa na kuwa na jiko na mtungi halafu huna regyuleta.

Msidhani ni vitu vya Ulaya tu. Zanzibar studio ya A. C. Gomes ilikuwa inapiga watu picha tangu karne ya 19, na Capital Art Studio pale Mji Mkongwe ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Huku kwetu kaskazini, Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka nyika ya Wamasai na upande wa Kilimanjaro akipiga wanyama usiku kwa mwanga wa baruti, kitabu chake kikatoka mwaka 1905. Hizo zote ni enzi za vioo na filamu kubwa. Waingereza walitengeneza hata kamera maalumu za nchi za joto, mwili wa msaji na vyuma vya shaba ya manjano, ili unyevu na wadudu visizimalize. Msaji huo ni aina ileile ya mti inayopandwa Longuza na Mtibwa, na vipande vyake nimeshavitumia sana kwenye fremu. Studio nyingi zimefungwa, lakini kamera nyingine bado ziko juu ya makabati ya watu.

Wateja wangu ndio hao. Wajukuu wa wenye studio, vijana wapiga picha waliochoka na picha za simu, na wageni wachache wanaoishi hapa Arusha ambao kamera ilikuja na meli na kibao kikabaki walikotoka.

Nichukue oda moja niende nayo, itanisaidia kueleza. Kuna dada wa Moshi aliniandikia. Babu yake alikuwa mpiga picha, na kamera ipo, Speed Graphic, kamera ya Kimarekani iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1912 mpaka 1973. Lenzi ya zamani ilikuwa imeota kuvu ndani, haionyeshi. Akanunua lenzi nyingine mtandaoni, ikaja haina kibao. Filamu alikuwa nazo shiti 10, alizoletewa na ndugu aliyekuja likizo. Babu ana miaka tisini na kitu, na ukoo mzima unakutana Jumamosi moja tu kabla ya kutawanyika. Anataka picha ya babu na wajukuu kwa kamera ya babu mwenyewe. Akaniuliza, "Kaka, unaweza? Na ni shilingi ngapi?"

Wengi wetu hapo tungejibu bei. Mimi bei huwa naitaja mwishoni. Swali la kwanza ni vipimo, na SIULIZI jina la kamera peke yake. Sababu ni hii: Speed Graphic za zamani kidogo zinatumia ubao wa inchi 4 kwa 4, zile zilizofuata baada ya vita, kuanzia 1947, zinatumia ubao wa kama inchi 3 na robo tatu. Jina moja, tofauti ya zaidi ya milimita 6. Ningekata kwa jina, ningempelekea kibao kinachodondoka au kisichoingia, na Jumamosi ingepita.

Basi nikamwomba picha. Hapa kuna mbinu unayoweza kuitumia kwa biashara yoyote. Mteja wengi hawana rula nyumbani, au wana ile ya mtoto wa shule iliyolika mwanzoni. Lakini karibu kila mtu ana kadi ya benki au ya NIDA, na kadi hizo zote duniani zina kipimo kimoja: milimita 85.6 kwa 54 hivi. Mwambie aiweke kadi pembeni ya kitu, kwenye usawa uleule, apige picha akiwa juu kabisa, simu isilale upande. Ukiipata unapima kadi kwenye skrini, unapima kitu, unapiga hesabu ya uwiano ya darasa la sita. Na tafadhali mwambie AFUNIKE kadi kwa karatasi, zibaki kingo tu. Namba za kadi ya mteja hazikuhusu, na siku akiibiwa hutaki picha yake iwe kwenye simu yako.

Hiyo picha ni ya kukadiria tu, haitoshi kukatia. Baada ya hapo namkatia kigezo cha kadi ngumu, ile ya maboksi ya biskuti, nakituma. Kama yuko mbali sana namwelekeza akikate yeye mwenyewe: aanze na kikubwa, apunguze kidogo kidogo mpaka kiingie bila kulazimisha na kisicheze, halafu anitumie hichohicho kikaratasi. Siyo picha yake. Chenyewe. Dada wa Moshi alikiweka kwenye bahasha na mtu wa basi akakileta kwa nauli ya parseli ndogo. Faili ya kuprinti siitumi kabisa, maana mashine za steshenari zina tabia ya kuipunguza ukurasa iingie kwenye A4, na hapo asilimia tatu nne zinapotea bila mtu kujua.

Kwenye kigezo nataka vitu vya ziada. Unene wa ukingo unaoingia kwenye mfereji wa kamera. Ukubwa wa uwazi ulio nyuma ya ubao, ule unaotazama ndani ya mvukuto. Kona kama ni kali au zimeviringwa. Na mahali tundu linapokaa, kwa sababu siyo lazima liwe katikati: Linhof Technika, kwa mfano, tundu lake liko chini kidogo ya katikati.

Tundu lenyewe nalo lina hadithi yake. Lenzi nyingi za miaka ya karibuni zimefungwa kwenye shata za Kijapani za Copal, na hizo zinakuja saizi tatu. Namba 0 inahitaji tundu la milimita 34.6. Namba 1 ni 41.6. Namba 3 ni 65. Namba 2 usiitafute, haipo kwenye hizo. Shata za zamani zaidi, za Kijerumani na nyinginezo, zinaweza kuandikwa namba hiyohiyo na tundu likawa tofauti, kwa hiyo namba ni ya kuanzia mazungumzo tu. Lenzi za zamani kabisa hazina shata, mpiga picha anafungua kifuniko kwa mkono na kuhesabu. Hizo zinafungwa kwa pete ya shaba yenye skrubu tatu, na hapo unapima pete.

Sasa tuje kwenye mbao. Nimejaribu vitu vinne. Mbao nzima inapendeza macho, mninga ukiupiga vanishi mteja anatabasamu, lakini ubao mwembamba wa mbao nzima unajikunja. Hapa Arusha mwezi wa 7 ni baridi na ukungu wa Meru, mwezi wa 1 ni ukavu, na mbao inafuata hali ya hewa. Ukishajikunja hata milimita moja, mwanga umepata njia. MDF ni nyoofu, lakini kingo zake zinatoa vumbi na ikipata maji inavimba kama maandazi. Alukobondi, zile bati pana za watengeneza mabango, ni nzuri kuliko watu wanavyodhani: unene wa milimita 3, haipitishi mwanga, haijikunji. Vipande vinatupwa kwenye karakana za mabango, ukiomba vizuri unapewa bure au kwa hela ya soda. Ila rangi haishiki vizuri usipoisugua msasa kwanza. Ninayoitumia zaidi ni plaiwudi nzuri ya milimita 3, isiyo na mashimo ndani. Itazame ukingoni kabla hujalipa. Ukiona tundu kati ya tabaka, iache, hata kama muuzaji anakuapia.

Plaiwudi naitumia mbili mbili, na hii ndiyo siri ya kazi nzima kama kuna siri. Kipande cha mbele nakikata saizi kamili ya ubao. Kipande cha nyuma nakikata kidogo zaidi, kiingie ndani ya ule uwazi wa kamera. Nikivigundisha, kinatokea kingazi kuzunguka pande zote nne. Mwanga unaotaka kupenya ukingoni unakutana na kona, na mwanga haupindi kona kirahisi. Ubao bapa usio na kingazi unaweza kufiti vizuri kabisa na bado ukavujisha. Ukivigundisha hakikisha nyuzi za kipande kimoja zinakatiza nyuzi za kingine, ndiyo zisivutane kwenda upande mmoja. Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Bana kati ya mbao mbili nyoofu, weka uzito, acha mpaka kesho. Mimi uzito wangu ni betri ya gari iliyokufa.

Kabla ya gundi kukauka kichwani kwako pia, kumbuka unene. Nyuma ya shata kuna nyuzi chache tu za kufungia ringi ya kubana. Vipande viwili vya milimita 3 ni milimita 6, na kwa shata nyingi ringi haitafika kushika. Kwa hiyo kile kipande cha nyuma nakitoboa tundu kubwa zaidi kabla sijakigundisha, ringi ikae ndani yake na ikutane na kipande cha mbele peke yake. Pima upana wa ringi, ongeza nafasi ya vidole au ya kifaa cha kukazia. Dada wa Moshi ringi yake ilikuwa na upana wa milimita 42, nikampa uwazi wa 55.

Kutoboa ndiko kunakowatisha watu. Wanafikiri lazima uwe na mashine ya leza. Hapana. Kwa Copal namba 0 nenda kwa fundi yeyote wa makabati ya jikoni. Zile bawaba za kujificha ndani ya mlango wa kabati zinakaa kwenye shimo la milimita 35, kwa hiyo fundi kabati ana biti ya 35, na kwa tundu la 34.6 unabaki na nafasi ndogo ya kupumua. Shata inaingia kwa kusukumwa na kidole. Weka kipande cha mbao chakavu chini, ubane, ndipo atoboe, la sivyo plaiwudi itachanika upande wa pili wakati biti inatoka. Namba 1 naitoboa kwa msumeno wa duara wa saizi ndogo kidogo, halafu nafikisha 41.6 kwa msasa uliozungushwa kwenye bomba la plastiki, napima kila baada ya mizunguko michache. Namba 3 msumeno wa 64 au 65 unapatikana kwa wauza vifaa vya mabomba. Kwa tundu lenye kipimo cha ajabu au kwa ubao wa alumini mzito, kuna mafundi wa mashine za kukereza kule Unga Limited, unalipa lakini tundu linatoka safi kama sarafu.

Rangi. Mbele piga unavyotaka, mteja akitaka ya kahawia au vanishi mpe. NYUMA lazima iwe nyeusi isiyong'aa hata kidogo. Rangi ya mng'ao inarudisha mwanga ndani ya mvukuto, picha inakuwa na weupe kama imepigwa kwenye vumbi. Kopo la bei nafuu kuliko yote na linalofaa kuliko yote ni rangi ya ubao wa darasani. Ndiyo, ileile ya kuandikia chaki. Haing'ai, inashika mbao, na ipo maduka ya vifaa vya ujenzi. Paka na ukingo wa ndani wa tundu, watu wengi wanausahau. Halafu subiri. Siku tatu, ikiwezekana zaidi, mahali penye hewa. Rangi ambayo bado inanuka inatoa mvuke, na mvuke unaganda kwenye kioo cha lenzi ya mtu.

Kupima kama mwanga unavuja hakuhitaji filamu. Funga ubao, funga lenzi, funga shata. Subiri usiku, zima taa zote, ingiza tochi ya simu ndani ya kamera kwa upande wa nyuma, ziba nyuma kwa shuka au kanga iliyokunjwa mara nne, kisha kaa kimya gizani dakika tano macho yazoee. Tazama mbele pande zote nne, na kuzunguka ringi. Nukta yoyote ya mwanga unayoiona wewe kwa dakika moja, filamu itaiona pia. Kwa mimi nisiye na kamera ya mteja, nimejitengenezea sanduku la boksi gumu lenye uso wa mbao, nabadilisha uso kufuatana na oda. Nikiona uvujaji mdogo ukingoni nabandika ukanda mwembamba wa mahameli nyeusi kwenye kingazi. Kazi imekwisha.

Na sipimi peke yangu. Namtumia mteja video ya dakika moja ya hicho kipimo, kisha yeye akipokea anarudia kwenye kamera yake kabla hajaweka filamu. Hapa ndipo roho yangu inapotulia. Fikiria: boksi la filamu za inchi 4 kwa 5 la kampuni kama Ilford lina shiti 25, linauzwa kwa dola, na mimi Arusha sijawahi kuliona dukani. Mteja akipoteza shiti 10 kwa sababu ya ubao wangu, hasara yake inazidi bei ya ubao, na nikimrudishia pesa ya ubao nitakuwa sijamrudishia chochote. Wanaotaka kujaribu bila kuumia nawaambia watumie karatasi ya picha au filamu ya X-ray iliyokatwa, watu wa kamera kubwa duniani kote wanafanya hivyo kwa sababu ni rahisi zaidi.

Bei sasa, najua wengine mmeruka huko juu mkaja hapa. Vipande, gundi na rangi havinifikishi 5,000. Kutobolewa tundu kwa fundi jirani 2,000. Muda wangu wa mkono ni saa mbili hadi tatu, ukijumlisha na maongezi ya vipimo ambayo yanaweza kula jioni nzima. Ubao wa kawaida nauza 35,000. Wenye tundu la 65 au umbo gumu, 50,000. Kuna watakaosema "kibao tu hicho, boss?" Sibishani nao wala sishushi. Nawaambia kibao cha kiwandani kinapatikana, wakiagize, wajumlishe usafiri na ushuru na wiki za kusubiri. Wengine wanakwenda kweli, na hiyo ni haki yao.

Nusu inalipwa kabla sijagusa msumeno. Siyo kwa sababu siwaamini watu. Ubao uliokatwa kwa kamera ya mtu mmoja hauuziki kwa mwingine, ni kama shati lililoshonwa kwa mtu mwenye kitambi. Nusu ya pili analipa akiona video. Na kwenye ujumbe wa makubaliano naandika vipimo vyote kwa tarakimu, namwomba ajibu "sawa" chini yake. Hiyo "sawa" imenisaidia kuliko mkataba.

Dada wa Moshi nilimkamilishia Jumanne, ukaondoka na basi la asubuhi Jumatano. Jumatano usiku akanipigia video, yuko gizani na kanga kichwani, simu nyingine ndani ya kamera, kona ya juu kushoto kuna kijimwanga kama uzi. Haukuwa ubao. Kilimi cha kamera kilikuwa kimelegea na uzee. Nikamwambia akunje karatasi ya sigara chini ya kilimi, akaza, uzi ukapotea. Shiti moja aliitumia kwa majaribio Ijumaa, zikabaki tisa. Jumamosi saa kumi jioni nikapokea picha ya simu: kamera imesimama uwanjani kwenye migomba, na aliyeingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi siyo dada. Ni babu. Walishindwa kumwambia akae upande wa kupigwa mpaka amalize kuhakikisha wamesimama sawa.

Kwenye kufunga mzigo sina maneno mengi. Ubao katikati ya kadi mbili ngumu, plastiki nje kwa ajili ya mvua, na andika juu kwamba hauna kioo, vinginevyo watu wa parseli wanakuuliza maswali. Mzigo wa Kenya unapita Namanga kwa basi, wa mbali zaidi naupeleka Posta pale karibu na Mnara wa Saa.

Vigezo vya karatasi situpi. Kila kimoja naandika jina la mteja, aina ya kamera, tarehe na kipenyo cha tundu, kinaingia kwenye faili. Mteja akirudi, namuuliza tundu tu. Dada wa Moshi karudi wiki hii. Ile lenzi ya zamani ya babu imesafishwa na sasa inaonyesha, anataka nayo iwe na kibao chake. Pete ya shaba, skrubu tatu, tundu la 52. Kigezo ninacho, plaiwudi imeshakatwa, gundi inakauka chini ya betri.